Mpe Kijana Kitabu Aongoze: Sala za Familia na Watoto wa Sekondari

DEO: Tumsifu Yesu Kristo.

MAMA TEKLA: Milele na milele, amina.

DEO: Karibu Mama Tekla, na karibuni nyote mnaotusikiliza, mlioko nyumbani, mlioko kwenye daladala hapa Mwanza na kwingineko. Leo tunajibu swali ambalo wazazi mmeniuliza kila ninapokutana nanyi baada ya Misa: tununue kitabu gani cha kusalia nyumbani, watoto wakishafika sekondari? Mimi ni mlezi wa wanafunzi Wakatoliki shuleni, lakini wangu mwenyewe bado yuko chekechea. Mwenye vijana ndani ya nyumba ni wewe.

MAMA TEKLA: Ninao wawili, kaka Deo. Tekla yuko kidato cha nne, mdogo wake kidato cha pili. Niseme kwanza nilipokosea. Miaka miwili iliyopita nilinunua kijitabu cha sala za familia kwa sababu jaladani kulikuwa na picha nzuri ya Familia Takatifu. Sikukifungua dukani. Jioni tukakaa sebuleni, baba yao akaanza kusoma: sisi watoto wako wadogo, Yesu mpole, tufanye tuwe wasikivu kwa baba na mama. Ukurasa wa pili hivyohivyo. Tekla akanyanyua macho akaniangalia. Hakusema neno, ila mimi nilijua.

DEO: Ulijua nini?

MAMA TEKLA: Kwamba sala ile haikuwa yake. Wiki hiyohiyo rafiki yake wa karibu alikuwa ameacha shule, na yeye usiku halali. Halafu mimi namwambia aseme yeye ni mtoto mdogo anayeomba kuwa msikivu. Siku hizi nikiingia duka la vitabu nafungua katikati, nasoma ukurasa mmoja kimoyomoyo, najiuliza: Tekla anaweza kukishika hiki akatuongoza sisi sote bila aibu? Kama hawezi, nakirudisha.

DEO: Hapo umegusa jambo ambalo mimi ningeliweka mbele ya mengine yote. Wazazi wengi wananunua kitabu cha *kuwasomea* vijana. Kijana wa miaka kumi na sita amekaa darasani tangu asubuhi akisomewa, jioni hataki kusomewa tena. Mpe aongoze yeye.

MAMA TEKLA: Na baba akae asikilize.

DEO: Na baba asikilize, ndiyo! Najua kuna akina baba hilo ni gumu kwao.

MAMA TEKLA: Kwangu lilichukua muda. Sasa kaka Deo, mtu atajuaje kama kitabu ni cha Kanisa kweli? Maana vijitabu vinauzwa nje ya geti la parokia, vingine havina hata jina la mwandishi.

DEO: Geuza jalada, angalia kurasa za mwanzo, tafuta neno Imprimatur na jina la askofu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 826, inasema vitabu vya sala, viwe vya hadharani au vya mtu binafsi, visichapishwe bila ruhusa ya askofu wa mahali. Usipoona ruhusa hiyo, mpelekee katekista au paroko akikague kabla hujakilipia. Ila Imprimatur inakuhakikishia kwamba hakuna kinachopinga imani. Haikuhakikishii kwamba kitamfaa mwanao. Kile kijitabu chako cha Familia Takatifu bila shaka kilikuwa nayo.

MAMA TEKLA: Kilikuwa nayo, nilikuja kuangalia baadaye.

DEO: Basi. Na Biblia hivyohivyo. Familia nyingi zina Biblia waliyopewa zawadi, nzuri tu, lakini imepungua vitabu saba. Ya Kikatoliki ina vitabu 73: Agano la Kale 46, Agano Jipya 27. Fungua orodha, utafute Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku na Wamakabayo viwili. Ukivikosa, jua somo la Misa litakalotoka humo hutaliona. Na mimi nasikitika kijana akikosa Tobiti. Ni habari ya kijana anayetumwa safari ndefu kufuatilia fedha za baba yake, anasindikizwa na mtu asiyemjua kumbe ni malaika Rafaeli, na mbwa wake anamfuata nyuma. Anakutana na Sara, wanaoana, na usiku wa kwanza wanasimama kusali pamoja. Wasomee vijana sura ya sita hadi ya nane uone kama kuna atakayesinzia.

MAMA TEKLA: Mbwa nilikuwa sijamwona, kweli.

DEO: Yumo. Sura ya sita, mwanzoni.

MAMA TEKLA: Kwetu tulichoishia kutumia si kitabu kipya hata kidogo. Ni Misale ya Waumini, kitabu chenye masomo na sala za Misa, ileile baba yao aliyokuja nayo tulipooana. Imechakaa, utepe mmoja umekatika. Jumamosi jioni mdogo wake Tekla anatafuta Dominika ya kesho. Mwanzoni alikuwa anapotea, anatusomea ya mwaka B wakati tuko mwaka mwingine, tukifika kanisani Injili ni tofauti.

DEO: Ni rahisi kupotea. Dominika zinazunguka kwa miaka mitatu: mwaka A ni Mathayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane anaingia hasa Kwaresima na Pasaka. Mwaka wa Kanisa unaanza Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli, hauanzi Januari.

MAMA TEKLA: Sasa anajua kuliko mimi. Anaweka kidole kwenye ukurasa, anasoma Injili, tunakaa kimya dakika mbili, kila mtu anataja neno moja lililomgusa. Neno moja tu, hakuna kuhubiri. Nilijizuia sana kwenye hilo la kuhubiri, maana mama ukipata nafasi unataka kuunganisha Injili na vyombo ambavyo havijaoshwa.

DEO: Na kesho yake padre akisoma Injili hiyohiyo?

MAMA TEKLA: Kijana anakuwa ameshaikuta. Namwona anainua kichwa. Kwa siku za katikati ya juma tunatumia kalenda ya liturujia ya parokia, tunatafuta somo kwenye Biblia. Ila si kila siku, nisidanganye. Mimi narudi kazini saa mbili usiku, wakati mwingine umeme umekatika, watu wamechoka.

DEO: Siku za namna hiyo mnafanyaje?

MAMA TEKLA: Tendo moja la rozari. Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe, basi. Dakika tano hazifiki. Zamani nililazimisha matendo yote matano, tukimaliza wawili wamelala na mmoja amenuna. Niliposhuka hadi tendo moja, watoto wakaanza kuleta nia zao wenyewe: mtihani wa fizikia, bibi yao mgonjwa, na siku moja mdogo akasema, "naomba kwa ajili ya mtu ambaye simtaji." Hatukuuliza.

DEO: Mlifanya vema kutouliza. Kuhusu vijitabu vya rozari niongeze moja. Ukikuta kina matendo kumi na matano tu, ujue ni cha zamani. Matendo ya Mwanga yaliongezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili Oktoba 2002, nayo tunayasali Alhamisi. Usikitupe kijitabu cha bibi, lakini matendo hayo yaandike nyuma kwa kalamu: Ubatizo wa Yesu mtoni Yordani, Harusi ya Kana, Kutangaza Ufalme, Kugeuka Sura, Kuwekwa Ekaristi. Hayo ndiyo maisha ya Yesu akiwa mtu mzima, akiwa barabarani na rafiki zake. Vijana wanayapenda.

MAMA TEKLA: Nirudi kwa Tekla na yule rafiki yake. Uliniambia wakati ule nimpe Zaburi.

DEO: Ndiyo. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu kwa ajili ya kijana, ningechagua Zaburi. Vijitabu vingi vya vijana ni vya furaha mwanzo mwisho: nakushukuru, nakupenda, nisaidie nifaulu. Kijana mwenye hasira anasalia wapi humo? Mwenye huzuni je? Fungua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Aya sita tu. Au ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kumalizikia gizani. Na hiyo ya 88 Kanisa limeipanga Ijumaa usiku, katika sala ya kabla ya kulala. Mapadre na watawa dunia nzima wanalala nayo mdomoni. Mwambie kijana hivyo: usidhani unayoyasikia moyoni ni dhambi, Kanisa zima linayasali kila Ijumaa.

MAMA TEKLA: Nilimwandikia ile ya 13 kwenye karatasi ya daftari nikaiweka chini ya mto wake. Sikumwambia kitu. Ile karatasi bado iko ndani ya Misale, imekunjwa mara nne.

DEO: Tukiacha Zaburi, watu huniuliza habari za watakatifu, vitabu vya maisha yao. Hapo kuna mengi ya kufaa, ila chagueni watu ambao kijana anaweza kuwaona. Huyu Carlo Acutis aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025: alizaliwa 1991, akafariki 2006 kwa saratani ya damu akiwa na miaka kumi na mitano. Alitumia kompyuta kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi. Vijana wangu wanamjua wote.

MAMA TEKLA: Lakini ni wa Italia. Mdogo wake Tekla aliniuliza, "mama, wa kwetu hakuna?"

DEO: Wapo, na wako karibu mno! Kizito, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alikuwa na miaka kama kumi na minne alipouawa Namugongo, 3 Juni 1886. Karoli Lwanga, shahidi mwenzake, alikuwa amembatiza siku chache tu kabla. Na kuna kitu watu wa Mwanza tunapaswa kukijua. Mwaka 1882 wamisionari waliondoka Buganda kwa hofu ya usalama, wakavuka ziwa wakaja Bukumbi, hapahapa kwetu. Hawakurudi hadi 1885. Karibu miaka mitatu, Buganda hakuna padre. Nani aliwashika wale vijana? Walei, waumini wa kawaida wasio mapadre. Watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa, Matia Mulumba. Walisali na kufundishana majumbani. Padre aliporudi alikuta Wakristo wameongezeka. Mimi nikisikia mzazi anasema hawezi kuongoza sala kwa kuwa hakusoma dini, nawakumbuka wale.

MAMA TEKLA: Hiyo nitaisimulia leo usiku. Na yule wa Goma?

DEO: Floribert Bwana Chui. Kijana wa Goma, Kongo, aliongea Kiswahili kama sisi, alifanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Wakataka kupitisha chakula kilichooza, wakampa hongo, akakataa. Wakamuua Julai 2007, akiwa na miaka 26. Ametangazwa mwenyeheri, hatua moja kabla ya mtakatifu, Roma, Juni 2025. Kijana wa kidato cha nne anayeona rushwa kila siku hahitaji kufafanuliwa.

MAMA TEKLA: Simu tuseme kidogo. Kwetu inaruhusiwa moja tu, ya anayeongoza, na data imezimwa. Masomo anayapakua mapema.

DEO: Na zile sala za WhatsApp, "tuma kwa watu kumi na watatu upate muujiza kabla ya kesho, ukikata mnyororo utapata mkosi," futeni. Hata zikiwa na picha ya Bikira Maria. Huo ni ushirikina, na kijana anayetishwa kwa sala anakuja kuichukia sala yenyewe. Tuna ujumbe mmoja wa msikilizaji. Mama mmoja anasema mwanawe wa kidato cha tatu anakuja kwenye sala, anakaa, lakini mdomo haufungui. Hajibu hata Salamu Maria. Je, amwache au amlazimishe?

MAMA TEKLA: Dada yangu, pole, na usimlazimishe. Amekuja, amekaa. Wangu wa kidato cha pili alipita hapo mwaka jana, miezi mingi. Baba yake alitaka kumgombeza, nikamwomba asifanye hivyo. Tukampa kazi: kuwasha mshumaa mbele ya msalaba kabla hatujaanza. Mshumaa na kiberiti viko chini yake, hakuna mwingine anayevigusa. Anawasha, anakaa chini, ananyamaza. Sisi tunasali. Jioni moja tumejipanga tayari, kiberiti kumbe kimeisha. Nikataka kusema basi, tuanze tu bila mshumaa. Akasimama, akavaa ndala, akatoka kwenda dukani kwa Mangi gizani. Tukamsubiri.

DEO: Mlimsubiri muda gani?

MAMA TEKLA: Kama robo saa. Hakuna aliyeanza.