Maji ya Arusha hayafiki mia

NURU: Karibuni tena. Leo sina salamu ndefu. Jumapili nilikuwa Sakina, hapa hapa Arusha, kwa kaka, mtoto wake wa kidato cha pili akaniletea daftari. Walichemsha maji maabara, kipimajoto kikasoma 95, akaandika 95. Kakosa! Peni nyekundu imeandika pembeni: "Maji huchemka kwenye nyuzi 100."

ELI: We ukamwambiaje?

NURU: Nikamwambia lete sufuria.

ELI: Nilijua tu.

NURU: Tukaanza na barafu. Tumeiponda, maji kidogo, kipimajoto ndani, tukangoja uzi wa zebaki utulie. Sifuri. Kwa hiyo kipimajoto kizima. Tukahamia jikoni. Maji yakatokota, mapovu yanapanda toka chini, zebaki ikasimama 95. Tukaongeza moto. 95! Mtoto ananiangalia: "Shangazi, mbona haipandi?"

ELI: Swali zuri hilo. Moto wote unaoongeza unaishia kugeuza maji kuwa mvuke.

NURU: Na maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kusukumana na hewa iliyo juu yake. Sisi tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa iliyotukalia ni pungufu kuliko ya Dar, basi povu halihitaji joto lote lile. Barafu haijali sana mambo ya hewa, ndiyo maana sifuri yetu ni sifuri ya Dar.

ELI: Ndiyo maana maharage yanamtesa mama.

NURU: Eli, maharage yametokea wapi?

ELI: Toka ahamie huku kutoka Moshi mwaka juzi analalamika maharage ya Arusha hayaivi. Tumebadilisha duka mara tatu! Moshi mjini ni mita 800 na ushee, maji yanachemka kwenye 97 hivi.

NURU: Nyuzi mbili tu.

ELI: Mbili si haba. Kuna kanuni ya makadirio: ukipunguza nyuzi 10, mmenyuko wa kikemia, kama huu wa kuiva, unakwenda nusu ya kasi. Kwa nyuzi mbili, maharage ya saa mbili yanaongeza robo saa na zaidi. Robo saa ya mkaa, Nuru! Panda sasa Horombo, kambi ya Kilimanjaro, mita 3,720, maji yanachemka kwenye 87 au 88. Kileleni Uhuru, mita 5,895, karibu 80. Pale utapika maharage mpaka gesi iishe.

NURU: Mnunulie sufuria ya presha. Inaufungia mvuke ndani, maji yanafika 120 hivi.

ELI: Anaiogopa. Anasema inapiga mluzi kama mtu.

NURU: Haya, turudi kwa mtoto. Mimi nasema apewe alama yake.

ELI: Mimi nasema kwenye mtihani aandike 100.

NURU: Eli!

ELI: Mia ni ya usawa wa bahari, kitabu kimepimia huko. Mtihani wa taifa hausahihishwi Sakina.

NURU: Lakini hili lilikuwa jaribio. Swali ni "umepata nini?" Kapata 95. Ukimwambia aandike 100 umemfundisha kudanganya akiwa maabara.

ELI: Namfundisha kulielewa swali. Nimeona watoto wazuri wakikosa alama kwa kujua zaidi ya mwongozo wa kusahihishia.

NURU: Basi mwongozo useme "kwenye usawa wa bahari". Maneno manne.

ELI: Useme, sawa. Mpaka useme, aandike 100.

NURU: Sikubali.

ELI: Hata mimi.

NURU: ...Tuna dakika mbili. Tuliahidi chumvi na mole, kile kipimo cha idadi ya chembe.

ELI: Mole haiingii kwenye dakika mbili. Chumvi je? Kijiko kwenye sufuria ya maharage hakipandishi hata nusu nyuzi. Kuipata nyuzi moja, lita ya maji inataka gramu 58 hivi.

NURU: Hayo hayaliki.

ELI: Hayaliki. Magadi ndiyo yanalainisha, yanavunja kile kinachoshikilia ganda...

NURU: Subiri. Mama anayaloweka maharage usiku?

ELI: Haloweki. Anasema Moshi hakuwahi kuloweka.

NURU: Jamani, nipe namba yake, nampigia sasa hivi.