Saa Moja kwa Saa Moja: Kumtunza Mbwa Mwenye Kifafa

(Mazungumzo na wafugaji wa mbwa, Moshi, yameandikwa kama yalivyosemwa)

Shikamooni wazee wangu. Wanangu, habari za jioni. Asanteni kwa kuja na mvua hii, najua waliotoka Kibosho na Uru wameteremka na matope.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 31. Kifafa nilikijua wodini muda mrefu kabla hakijaingia nyumbani kwangu. Hata hivyo, usiku ule mbwa wangu Simba alipoanguka kwenye baraza la jikoni, mikono yangu ilikufa ganzi. Alikuwa na miaka mitatu, chotara, mama yake mbwa wa kienyeji na baba yake jamani shepadi wa jirani. Marehemu mzee wangu alimleta akiwa mdogo wa kuenea kwenye mfuko wa koti. Mzee alipofariki, Simba akahama kwenye banda akawa analala mlangoni pangu, wala hakuna aliyemfundisha. Kwa hiyo sizungumzi habari za mlinzi wa nyumba. Nazungumzia wa nyumbani.

Shingo ilikakamaa, akaanguka ubavu, miguu ikaanza kupiga kama anayekimbia. Povu mdomoni, mkojo ukamtoka, macho yako wazi na hayaoni. Majirani wakaja mbio. Kijana mmoja alikuja na panga: "Mama, huyo ana kichaa, tummalize." Mwingine anatafuta kijiko amtanue meno. Mwingine kawasha kiberiti apate kumpulizia moshi puani. Shemeji yangu, mtu mzima kunizidi, akasimama pembeni akasema huo ni mkono wa mtu.

Sikuwalaumu. Kwa binadamu tumefanya hayohayo. Wazee wa pwani mtoto akikakamaa kwa homa walisema dege limempitia, ndiyo degedege. Na povu tumeliogopa kuliko moto wenyewe: nimepokea wodini mtu aliyeungua mkono mzima kwa sababu alianguka kwenye mafiga, na waliokuwa naye wakaogopa kumshika wasiambukizwe. Nitalisema polepole ili hata walioko nyuma walisikie. Kifafa hakiambukizi. Si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa pumzi. Chembe za ubongo huzungumza kwa umeme mdogo mdogo, kila moja kwa zamu yake. Siku ya kifafa nyingi zinapiga kwa pamoja, na mwili hauna la kufanya ila kufuata. Kwa mbwa ni hivyohivyo.

Lakini yule kijana wa panga alikuwa na hoja, nami sitaki mtoke hapa mkiwa na ujasiri usio na akili. Mbwa mwenye kichaa naye anaweza kukakamaa na kutoa povu. Tofauti mtaiona baadaye. Mwenye kifafa, ikipita saa moja, pengine siku moja, anarudi kuwa yeye: anakula, anakufahamu, anatikisa mkia. Mwenye kichaa kila kukicha ni afadhali ya jana. Sauti inakauka, taya linalegea, hawezi kumeza, au anauma chochote kilicho mbele yake, na tangu dalili zianze kwa kawaida hamalizi siku kumi. Kwa hiyo swali la kwanza ni kadi ya chanjo. Ya Simba ilikuwa bado haijapitwa na wakati. Kama mbwa wako hajachanjwa, au aliumwa na mbwa asiyejulikana, usimguse. Mfungie mahali na umwite afisa mifugo. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Kesho ni mbali.

Tena si kila anayekakamaa ana kifafa. Huku kwetu kuna dawa za kunyunyizia kahawa na nyanya, kuna sumu ya panya, kuna distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa, kwa wasiochanjwa, kuna watoto wa mbwa wanaoshuka sukari kwa njaa na minyoo. Kifafa chenyewe, kile kisicho na chanzo kinachoonekana, mara nyingi huanza kati ya miezi 6 na miaka 6. Mbwa wa miaka tisa akianguka kwa mara ya kwanza, daktari atafute kitu kingine. Na kwa kuwa kifafa kingine hutembea katika ukoo, Simba sikumzalisha, ingawa watu walinijia na pesa mkononi.

Sasa nifike kwenye kilichonitoa nyumbani jioni hii, nacho ni saa. Mbwa akianguka, jambo la kwanza ni kutazama saa. Usiku ule ungeniuliza, ningeapa Simba alipiga miguu nusu saa. Mara ya pili nilikuwa na saa ya mkononi: dakika moja na sekunde hamsini. Hofu haina kipimo, na daktari hawezi kutibu kwa hofu yako. Ikifika dakika 5 hajaacha, hiyo ni dharura. Hapo joto la mwili linaweza kupita nyuzi 41, ubongo unaumia, na kumsubiri atulie mwenyewe ni kumpoteza. Mmwagie maji ya kawaida, si ya barafu, tumboni na kwenye nyayo, huku mkimpeleka. Vilevile ni dharura akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, hata kama kila mara aliinuka vizuri.

Kabla ya hizo dakika tano, kazi yako ni ndogo na ni ngumu: usimwingilie. Sogeza viti. Zima redio, punguza taa. Kama yuko karibu na ngazi, moto au mfongo, yaani mfereji wa maji, mvute kwa nyuma, mbali na meno. Mimi nyuma ya jikoni unapita mfongo, na baada ya mara ya tatu niliuzungushia uzio wa mabanzi, maana mbwa anaweza kuzama kwenye maji yasiyofika magoti. Mdomoni usitie kitu. Si kijiko, si maji, si kidole. Mbwa hamezi ulimi wake, lakini kidole chako atakikata, na wala hatajua kama amekikata.

Akiamka si yeye bado. Simba alizunguka meza, akagonga ukuta kama kipofu, na siku moja alininguruma mimi niliyemlea. Iliniuma sana mpaka nilipoelewa kwamba hakuwa ananiona. Kaa mbali kidogo, mwite jina kwa sauti ya chini. Atakuwa na njaa kali, usimpe chakula mpaka atembee sawasawa.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Tarehe, saa, dakika ngapi, alikuwa anafanya nini kabla. Kijana wa nyumbani akawa anarekodi kwa simu. Baada ya miezi sita zilikuwa mara nne, na daktari wa mifugo aliposoma daftari na kutazama zile video hakuniuliza maswali mengi. Mbwa aliyeanguka mara moja kwa mwaka pengine hahitaji dawa. Mara mbili au zaidi ndani ya miezi sita, mfululizo wa siku moja, au ile ya dakika tano, hapo ndipo dawa huanza.

Dawa ilikuwa fenobabito, ileile tuliyowapa wagonjwa wetu wodini. Wajerumani waliigundua kuwa inazuia kifafa mwaka 1912, na hadi leo ndiyo inayotangulia kwa mbwa wengi. Kipimo hufuata uzito na daktari ndiye hupanga. Simba wa kilo 30 alianza na miligramu 75, mara mbili kwa siku. Hapa lugha yetu ilinisaidia. Dawa hii inataka saa 12 katikati, na sisi saa zetu zimekwisha kupanga: saa moja asubuhi, saa moja jioni. Hata mtoto wa darasa la kwanza hakosei.

Wiki za mwanzo alilewalewa, miguu ya nyuma ikipishana. Akanywa maji ndoo kwa ndoo, akakojoa ndani, akaiba ndizi za kiburu jikoni. Kulewa kukapungua, njaa na kiu vikabaki. Dawa huchukua kama wiki mbili kutulia kwenye damu, kwa hiyo msiihukumu siku ya tatu. Damu hupimwa baada ya hapo, kisha kila miezi sita au karibu na hapo, kwa sababu mwili huzoea kuivunja haraka na ini ndilo linalobeba mzigo. Kuna nyingine, potasiamu bromaidi, hiyo inachukua kama miezi mitatu kutulia na haitaki chumvi ya chakula ibadilike badilike, maana chumvi ikizidi inaitoa mwilini.

Desemba moja nilipata msiba Tanga. Nikamwachia mpwa wangu vidonge, nikamwambia saa, sikumwambia sababu. Kijana akamwona mbwa mzima, anasinziasinzia, akamhurumia, akaona ampumzishe na "vidonge vya usingizi". Siku tatu. Usiku wa nne Simba alianguka mara tatu bila kupumzika katikati, na akaokolewa na diazepamu, dawa ya kukatisha kifafa, ambayo daktari alimtia kwa bomba njia ya haja kubwa. Kuikatisha ghafla dawa hii kunaleta kifafa, hata kwa mbwa ambaye alikuwa ametulia. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile mlangoni palikuwa na karatasi: saa moja, saa moja, na chini yake kwa herufi kubwa, USIMPUMZISHE.

Kuna mwanangu pale ameuliza kama isingekuwa huruma kumchoma sindano ya kumaliza maisha mapema. Ni swali zuri, hujamkosea adabu yeyote. Anapokakamaa hana fahamu, hasikii maumivu kama unavyoyaona wewe. Kwa dawa alianguka mara mbili, tatu kwa mwaka, na siku nyingine zote alikuwa mbwa: alinisindikiza sokoni Kiboriloni, alifukuza nyani kwenye migomba. Aliishi hivyo miaka saba. Mwisho wake, asubuhi ya Agosti, alianza na hakuacha, diazepamu ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Daktari akanitazama. Nikamwambia sasa ndiyo. Nilimshika kichwa mpaka mwisho, kisha nikachukua daftari nikaandika: saa nne na dakika kumi.

Madaftari mengine yako pale mezani, nimeyapiga mistari. Mwenye mbwa anayeanguka achukue moja.