Shusha pumzi kwanza: mhadhara kwa wauguzi wenzangu

Haya jamani, tukae. Najua wengine mmetoka naiti na macho hayafunguki, kwahiyo sitawachosha na historia ya yoga, mara India mara wahenga wa milimani, hayo mnayasikia kila tarehe 21 Juni tangu Umoja wa Mataifa walipoipitisha 2014 kuwa siku ya yoga duniani. Mimi nimekuja na kitu kimoja na walionisikia huko nyuma wanakijua. Pumzi ya kutoka. Sio ya kuingia, ya kutoka.

Hebu kila mtu ashike mapigo yake hapa mkononi kama unavyomshika mgonjwa. Vuta pumzi polepole... sasa itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Umeona? Ukivuta moyo unakimbia kidogo, ukitoa unapunguza mwendo. Ni kazi ya neva ya vagasi hiyo, ile inayotoka kwenye ubongo mpaka moyoni, tulifundishwa chuoni, tukaijibia mtihani tukaiacha hukohuko kwenye karatasi. Yaani mwili umepewa breki, na breki yenyewe iko kwenye kutoa pumzi. Sisi tunahesabu pumzi za wagonjwa shifti nzima, 12 mpaka 20 kwa dakika, tunajaza kwenye chati, nani humu ndani amewahi kuhesabu za kwake? Nyoosheni mikono. Nasubiri. Mmoja. Watu wote hawa, mmoja!

Mimi hili sikulipata kwenye semina. Nilikuwa leba, kituo kidogo, usiku tuko wawili na kina mama tisa, na mmoja akajifungua salama halafu damu ikaanza kutoka, mnaijua ile damu, ile ambayo ukiona unajua hapa hakuna kukaa. Tukapambana, Mungu akasaidia, damu ikakata. Ile kumaliza ni saa kumi na kitu alfajiri, nikatoka nje kibarazani, mikono inatetemeka, nashindwa hata kufungua chupa ya maji. Pale nje kulikuwa na bibi, mama mkwe wa yule mgonjwa, amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake anasubiri adhana. Akasema, mwanangu njoo ukae. Nikakaa. Hakuniuliza kitu wala hakunipa pole. Akaendelea na uradi wake kwa sauti ya chini, na mimi nikawa nasikia tu namna anavyovuta pumzi mara moja, kisha maneno yanatoka taratiibu mpaka pumzi inaisha, kimya kidogo, anavuta tena. Nikajikuta napumua naye. Sijui ni dakika ngapi, kumi labda. Kwa mazoea ya kazi nikashika mapigo yangu, yameshashuka, mikono imetulia. Yule bibi akaniangalia akasema: "Ulikuwa unahema mwanangu, ulikuwa hupumui."

Nimelisema hilo neno kila mahali nilipoalikwa na nitaendelea kulisema. Kuhema na kupumua ni vitu viwili. Na lugha yetu inajua, mtu hofu ikimtoka tunasema ameshusha pumzi, akiwa na wasiwasi roho iko juu juu, na hilo neno pumzika, hebu lisikilizeni tena, pumzi imo humohumo. Sasa mtu anakuja kuniambia haya mambo ya kizungu, haya mambo ya kihindi. Kushusha pumzi ni ya kihindi?

Hapo najua kuna mtu ameshakunja uso, anasema sista huyu anatuletea dini za watu. Ngoja nikujibu kwasababu swali lako ni la haki na watu huwa wanalikwepa. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilitoa utafiti wa daktari Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, na wenzake. Walichukua watu wazima wenye afya 23, wakawasalisha rozari, Salamu Maria kwa Kilatini, halafu wakawapa na mantra ya wanaofanya yoga, yale maneno ya kurudiarudia, huku wanawapima pumzi, moyo, presha. Vyote viwili, rozari na mantra, vilishusha pumzi mpaka karibu sita kwa dakika. Sita! Na ule mfumo wa mwili unaorekebisha presha ukafanya kazi vizuri zaidi. Nilivyosoma nikamkumbuka bibi na tasbihi yake, maana hata pale kibarazani hakukuwa na haraka, maneno yanatoka kwa pumzi moja ndefu. Kwahiyo mkristo shika rozari yako, muislamu vuta uradi wako, asiyetaka chochote ahesabu namba. Mwili haukuulizi dhehebu. Na wale wanaotafsiri meditesheni kuwa tahajudi naombeni muache, kwa waislamu tahajudi ni sala ya usiku na mnachanganya watu bure, semeni taamuli, au semeni tu kukaa kimya, inaeleweka.

Namna yenyewe ni hii. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa ukihesabu sita. Nne na sita ni sekunde kumi, ndio zile pumzi sita kwa dakika. Usibane pumzi, usijikaze, mabega chini. Dakika tano kabla ya kupokea ripoti na dakika tano kabla ya kupanda daladala kurudi nyumbani, ili usiende kumalizia hasira za wodi kwa watoto. Muda hauna? Dakika tano za simu huwa unazitoa wapi?

Kingine, watu wengi wanaacha siku ya pili kwasababu wanasema nilikaa nikatulia lakini mawazo hayakuisha. Nani kakwambia yanaisha? Kwetu neno mawazo ndio hilohilo la fikra na ndio hilohilo la msongo, mtu akisema ana mawazo ujue halali usiku, kwahiyo tunadhani kutulia ni lazima kichwa kiwe kitupu. Hapana. Wazo linakuja, unaliona, unarudi kwenye pumzi, linakuja tena, unarudi tena, huko kurudi ndio zoezi lenyewe. Jon Kabat-Zinn, yule Mmarekani aliyeingiza meditesheni hospitalini, alivyoanza kule Massachusetts 1979, alipewa wagonjwa wa maumivu sugu ambao madaktari walishafika mwisho nao, na hakuwaambia maumivu yataondoka, aliwafundisha kuyaangalia.

Mikao sasa, naona mwenyekiti ananionyesha saa. Ile ya kuweka mguu nyuma ya shingo achaneni nayo. Maandishi ya Patanjali, mwalimu wa yoga wa zamani kule India, yana mistari kama 196 na mkao wa mwili umezungumzwa kwenye mistari mitatu hivi, yaliyobaki ni akili. Ninyi mnaosimama masaa kumi na mbili mnahitaji mmoja, lala chali miguu juu ukutani, dakika kumi, ile miguu inayovimba itakushukuru. Mjamzito wa miezi ya mwisho asilale chali, alalie ubavu wa kushoto, hilo mnalijua kuliko mimi.

Na hili nalisema kwa ukali. Hakuna mtu kuacha dawa za presha wala za akili eti anafanya yoga. Nimeona mgonjwa kaletwa hajitambui kwasababu hiyo, sitaki kuona mwingine. Na aliyepitia mambo mazito, akifumba macho yakamrudia, asilazimishwe kufumba, afungue macho, akanyage sakafu aisikie, na aende kwa mshauri. Nilikuwa na la kusema kuhusu usingizi wa wanaopokezana shifti, lakini chakula kimeshafika na najua njaa ya naiti.

Alhamisi saa kumi jioni nitakuwepo kile chumba cha mikutano, shifti ikibadilishana. Msinunue mikeka ya elfu hamsini jamani, njooni na kanga mbili, moja ya kutandika na moja ya kujifunika miguu.