Nani Kala Nikeli? Metali Adimu Ndani ya Aloi Yenye Kumbukumbu

Habari za asubuhi, na poleni na baridi. Baridi hii ya Mbeya leo itatufaa. Waya huu ni wa aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya nikeli na titani; umeandaliwa urudi umbo lake ukifika nyuzi 40 hivi. Ninaukunja kama ndoano, nao unatulia hivyohivyo. Naomba hicho kikombe cha chai. Tazameni: umenyooka hata kabla sijautumbukiza wote.

Kwenye baridi atomi zake zimepangika kimartensaiti, mpangilio ulioegemea upande na unaokubali kukunjwa. Zikipata joto zinarudi kwenye austenaiti, ambayo ni mchemraba. William Buehler na wenzake walianza kuishughulikia aloi hii kwenye maabara ya jeshi la majini la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo iko kwenye waya za kupanga meno na kwenye vibomba vya kutanua mishipa ya damu.

Joto la kugeuka, yaani lile ambalo martensaiti inageuka kuwa austenaiti, linatawaliwa na nikeli. Ukivuka atomi 50 za nikeli kwa kila 100, nyongeza ya 0.1 tu inashusha joto hilo nyuzi 10 au zaidi. Chini ya 50 mabadiliko ni madogo, maana titani inayozidi inajitenga na kuwa Ti2Ni, yaani titani mbili kwa nikeli moja.

Sasa weka erbi, mojawapo ya zile metali adimu. Wengi hudhani itayeyuka humo kama chumvi kwenye mboga. Wapi! Atomi ya erbi ni kubwa mno kukaa kwenye nafasi ya titani au ya nikeli, kwa hiyo karibu yote inajitenga, inashikana na nikeli na kuwa chembe za ErNi, atomi moja ya erbi kwa moja ya nikeli. Disprosi na gadolini, metali adimu nyingine, zina tabia hiyohiyo. Kwa hiyo mkiona joto la kugeuka limepanda, msiisifu erbi. Ulizeni nani kala nikeli.

Tuandike ubaoni. Kwa kila atomi 100, tunaanza na nikeli 50.8, titani 49.2. Tunataka erbi 0.5. Je, inachukua nafasi ya nani?

Ukipunguza nikeli, unapata nikeli 50.3, titani 49.2, erbi 0.5. Erbi inakula nikeli 0.5. Zinabaki 49.8 kwa 49.2, yaani nikeli asilimia 50.3. Joto la kugeuka linapanda nyuzi 50 au zaidi. Lakini ukipunguza titani, zinabaki 50.3 kwa 48.7, na ukigawanya unarudi palepale, 50.8. Erbi ileile, kiasi kilekile, ila matokeo ni mbingu na ardhi. Ripoti inayosema tu "tuliongeza erbi 0.5" haijasema kitu.

Kwa mizani, gramu 100 za mchanganyiko ule wa kupunguza nikeli ni nikeli 54.76, titani 43.69, erbi 1.55. Piga msasa erbi kwanza hadi ing'ae, kwa sababu ule ukungu wa juu ni oksaidi. Ukiupima nao, unapima uchafu.

Kuyeyusha ni kwa tanuri la cheche za umeme, ndani ya gesi ya agoni, juu ya sahani ya shaba inayopozwa kwa maji. Chungu cha grafiti kinaleta kaboni, na kaboni inakula titani. Anza kwa kuyeyusha kidonge cha titani pembeni ili kinyonye oksijeni iliyobaki. Erbi iwekwe chini, nikeli na titani ziifunike. Kidonge cha aloi kigeuzwe na kuyeyushwa tena mara tano au sita, la sivyo upande mmoja utakuwa na tabia yake na wa pili na yake. Ytabi, metali adimu nyingine, usijaribu kabisa: inachemka karibu nyuzi 1196, wakati aloi yenyewe inayeyuka 1310. Utabaki na masizi ukutani.

Oksijeni inavuruga hesabu. Inaipenda erbi kuliko titani, kwa hiyo sehemu ya erbi inakuwa oksaidi na haili nikeli tena. Ndiyo maana kidonge halisi hakiangukii kamwe palepale pa ubaoni.

Kuna aliyeuliza kama tunaweza kutumia metali adimu za mlima wa Ngualla. Swali hilo nililitarajia, maana mlima uko hapo Songwe. Madini yake yamejaa metali adimu za seri, lanthani na neodimi. Erbi ni kidogo sana. Seri nayo inakula nikeli, lakini ipo michanganyiko ya seri na nikeli inayoyeyuka chini ya nyuzi 700. Ukipasha kidonge nyuzi 900 ili ukifue, mipaka ya punje, yaani fuwele ndogondogo za aloi, inalowa, na nyundo ya kwanza inakipasua kama biskuti. Erbi inavumilia zaidi, nayo ni nzito, hivyo kibomba kinaonekana vizuri kwenye eksirei. Lakini nayo ikizidi, chembe zinashikana mpakani mwa punje na ufa unapita humohumo.

Mwisho, pimeni joto la kugeuka mkipasha kwa kasi ya nyuzi 10 kwa dakika, kwa kipande cha katikati ya kidonge na cha pembeni. Vikitofautiana kwa nyuzi 15, msiandike wastani. Rudini mkakiyeyushe tena.