Nauli ya Watu Watano

Wazee wangu shikamooni, na wenzangu habari za jioni.

Nani hapa ameshawahi kuangalia nauli ya ndege ya kwenda Kilimanjaro mwezi wa kumi na mbili, akainuka kidogo kunywa maji, akarudi akakuta imepanda? Naona mikono. Basi tunaelewana.

Mimi yalinikuta mwaka juzi. Saa nne usiku, mimi, mke wangu na simu moja, tunataka kupeleka watoto watatu Moshi kwa bibi yao, Krismasi. Simu inasema 180,000 kwa kichwa. Nikajaza majina mpaka nikafika kwenye tarehe ya kuzaliwa ya kitinda mimba. Nimeisahau, msinicheke. Nikaenda kabatini kutafuta kadi ya kliniki. Kurudi, muda umeisha, naanza upya: 265,000. Kwa watu watano hiyo ni nyongeza ya 425,000, kisa kadi ya kliniki! Mke wangu akasema, "Baba, hii simu inatusikiliza."

Wengi mnaamini hivyo. Mimi nadhani mchawi ni mwingine.

Viti vya ndege, hata vya daraja la kawaida, haviuzwi kwa bei moja. Vimegawanywa mafungu, kila fungu lina herufi yake na bei yake. La bei nafuu likiisha, linafunguliwa la juu yake. Na hapa ndipo familia inapoumia. Ukiomba viti vitano na fungu la chini limebaki na vitatu, mifumo mingi haikupi vitatu kwa bei ya chini na viwili kwa bei ya juu. Inawahamisha wote watano kwenye fungu lenye nafasi tano. Nikiwa kabatini, mtu mahali fulani alinunua viti viwili tu. Vimetosha.

Mtaniuliza, mbona samaki wa Feri jioni hushuka bei? Kiti nacho huoza, ndege ikishapaa hakina mnunuzi tena. Lakini anayekata tiketi siku ya mwisho mara nyingi ni mwenye msiba au mwenye kikao cha kazi, na huyo atalipa tu. Mashirika ya ndege yanamsubiri yeye. Mimi hilo linaniudhi, hata nikielewa hesabu yake.

Marekani iliacha kupanga nauli za ndege kwa sheria ya 1978. Januari 1985 American Airlines wakashusha bei kupambana na People Express, shirika la nauli rahisi, lakini si kwa kila kiti: kompyuta ilichunga vingapi viuzwe rahisi na vingapi vibakizwe kwa wasafiri wa kikazi. Kufikia 1987 People Express ilikuwa imeshamezwa. Wengine wote wakajifunza.

Kwenye basi, LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, imeweka kikomo cha nauli. Ndiyo, najua Desemba pale stendi ya Mbezi kuna wapiga debe wasiojua kusoma kikomo hicho. Lakini kipo, na unaweza kumlalamikia mtu.

Sasa, kabla hujatafuta viti vitano, tafuta kimoja. Kisha viwili, vitatu, mpaka uone bei inaruka wapi. Hapo unaweza kugawa tiketi mara mbili, ila kila tiketi iwe na mtu mzima. Na mjue, safari ikibadilishwa, kwenye mfumo wao nyinyi ni makundi mawili yasiyojuana.

Mimi usiku ule nilifanya hivyo. Vitatu: 180,000. Vinne: 265,000. Tukatazamana. Mama akapanda ndege na wadogo wawili. Mimi na mkubwa tukadamka saa tisa usiku kwenda Mbezi kuwahi basi. Korogwe tulikula mahindi ya kuchoma, Same mtoto akalala begani kwangu. Tulipofika Moshi jioni, machalari yalikuwa yamebaki yale yaliyoganda chini ya sufuria.