Kipoza Oili ya Usukani kwenye Subaru Impreza: Joto Linatoka Wapi, Kipoza Kikae Wapi

DEREVA: Karibuni tena kipindini. Leo swali ni langu mwenyewe, na Fundi amekwisha kulisikia gereji, ila alikataa kulijibu mpaka tuketi hapa mbele ya maikrofoni. Gari langu ni Impreza WRX STI ya mwaka 2004, yenye usukani wa haidroli, yaani unaosaidiwa na oili inayosukumwa na pampu. Katika otokrosi iliyopita, yaani mbio za magari kwenye mzunguko mfupi, nilipofika mzunguko wa tatu, pampu ya usukani ilianza kulia kwa sauti nyembamba, kisha usukani ukawa mzito nikiwa katikati ya kona. Nilipofungua boneti nilikuta oili imefurika kupitia kifuniko cha tangi lake, ina povu la rangi ya waridi, na imetapakaa juu ya injini. Wenzangu wote walinishauri nifunge kipoza oili. Je, nifunge?

FUNDI: Pole sana, dada, na ulifanya vyema kuzima injini mara moja, kwa sababu oili hiyo ikidondokea turbo au eksozi iliyopata moto inaweza kuwaka. Kipoza utafunga, lakini hakitakuwa kitu cha kwanza. Ningependa tuanze na chanzo cha joto, maana nimeona magari mengi yaliyofungwa vipoza vya bei ghali mahali pasipostahili kwa kuwa hakuna aliyejiuliza joto linatoka wapi.

DEREVA: Mimi nilidhani linatoka kwenye injini.

FUNDI: Sehemu yake hutoka huko, na kwenye Subaru ni sehemu kubwa, kwa kuwa eksozi hupita chini ya injini jirani na raki ya usukani, yaani kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele. Lakini joto jingi huzalishwa na pampu yenyewe. Pampu imeundwa ili ikupe nguvu ya kutosha unapoegesha gari, injini ikiwa inazunguka mara 800 hivi kwa dakika. Wewe kwenye mashindano unaifikisha 7,000, na pampu inavutwa na mkanda uleule, kwa hiyo inasukuma oili karibu mara tisa ya ile inayohitajika. Ziada hiyo hairuhusiwi kwenda kwenye raki. Vali iliyo ndani ya pampu huirudisha nyuma, nayo inazunguka humo humo ikikamuliwa kwenye tundu dogo, na kukamuliwa huko ndiko kunakoipasha moto.

DEREVA: Na ninapokata usukani hadi mwisho nikaushikilia?

FUNDI: Hapo ni pabaya zaidi, na ndiyo sababu otokrosi na drifti, yaani kuteleza kwa makusudi kwenye kona, huumiza usukani kuliko safari ndefu ya barabara kuu. Raki ikifika mwisho haina pa kwenda, shinikizo linapanda mpaka vali ya usalama inafunguka, na nguvu yote ya pampu inageuka kuwa joto. Chukua mfano wa pampu inayosukuma lita 8 kwa dakika kwa shinikizo la bar 80: hiyo ni takribani kilowati 1, kama pasi ya umeme uliyoitumbukiza kwenye oili ambayo katika Impreza haifiki hata lita 1. Kama chuma kisingechukua sehemu ya joto hilo, oili ingepanda karibu digrii moja kila sekunde. Kwa hiyo tiba ya kwanza haina gharama: ukifika mwisho wa usukani, urudishe kidogo, usiushikilie hapo.

DEREVA: Nimekubali, hilo ni kosa langu na nitalirekebisha. Lakini umesema kipoza si cha kwanza. Kuna nini kabla yake?

FUNDI: Kuna lile povu. Joto peke yake linaweza kuitanua oili na kuifurisha, lakini povu jingi pamoja na mlio wa pampu vinanifanya nishuku hewa. Kwenye Subaru za miaka ya gari lako, kiungo kinachoingiza oili kwenye pampu kina oringi, yaani pete ndogo ya mpira ya kuzibia, ambayo kwa umri na joto hukauka na kuwa ngumu. Upande huo ni wa kuvuta, hauna shinikizo, kwa hiyo oringi ikichoka mara nyingi huoni oili ikivuja nje. Badala yake ni hewa inayoingia ndani. Oili yenye hewa haisukumi raki sawasawa, nayo ikifurika kila mtu anasema imechemka. Ukifunga kipoza huku oringi imekufa, utapoza povu.

DEREVA: Basi tuseme oringi imebadilishwa na oili mpya imewekwa. Kipoza kinakaa wapi?

FUNDI: Kwenye bomba la kurudisha, yaani kati ya raki na tangi, na hapo tu. Bomba linalotoka pampu kwenda kwenye raki hubeba shinikizo kubwa ambalo kipoza cha kawaida hakiwezi kulistahimili. Njia iliyo kati ya tangi na pampu nayo usiiguse kabisa, kwa sababu kizuizi chochote pale kinaifanya pampu ivute utupu, na utakuwa umeurudisha ugonjwa ule ule tuliotoka kuutibu.

DEREVA: Na kwenye mwili wa gari?

FUNDI: Penye upepo, nyuma ya tundu la bampa, pembeni mwa rejeta, pasipoziba hewa inayokwenda kwenye rejeta. Njia za otokrosi nyingi za kwetu ni za murram, kwa hiyo weka wavu wa chuma mbele yake, kwani jiwe moja likitoboa kipoza utapoteza oili yote kabla hujamaliza mzunguko. Ningekuchagulia kipoza kidogo cha sahani na mapezi badala ya bomba lililokunjwa tu, kwa sababu kwenye kona za polepole upepo ni mchache na unahitaji eneo kubwa la kutolea joto.

DEREVA: Mipira je? Hapa ndipo watu wengi hubana matumizi.

FUNDI: Na hapa ndipo ninapogombana nao. Mpira wa maji ya rejeta hulainika na kuvimba ukikutana na oili. Nunua mpira uliotengenezwa kwa ajili ya oili ya haidroli ya moto, wenye upana ulio sawa na ule wa bomba la kurudisha, usiwe mwembamba zaidi. Ncha za kipoza ziwe na ukingo uliotuna ili mpira usichomoke, na klempu ziwe zile zinazobana mviringo mzima bila kukata mpira. Baada ya siku ya kwanza ya kukimbia, zikazwe tena.

DEREVA: Kisha kutoa hewa.

FUNDI: Kwa utulivu. Inua magurudumu ya mbele, injini ikiwa imezimwa, jaza tangi, kisha zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande mara nyingi huku ukiongeza oili, mpaka mapovu yaishe. Ndipo uwashe. Ukiwasha mapema pampu itaivuruga hewa ndani ya oili na utasubiri hadi kesho yake itulie.

DEREVA: Nitajuaje kwamba kimesaidia?

FUNDI: Bandika kwenye tangi ile stika inayobadilika rangi kwa joto, uikague kila baada ya mzunguko. Sili nyingi za mpira kwenye mfumo huu huanza kuteseka zikikaribia digrii 120. Ukiona bado unafika huko hata na kipoza, tutatafuta puli kubwa zaidi ya pampu, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda, ili pampu izunguke polepole, ingawa utausikia usukani ukiwa mzito kidogo unapoegesha.

DEREVA: Huo uzito naweza kuuvumilia. Jumamosi nitakuletea gari.

FUNDI: Lilete likiwa limepoa, na usilijaze oili njiani, nataka kuona limepoteza kiasi gani. Oringi nitakuwa nimeinunua.