Kibao cha daladala na dau la pili: kuboresha mnada wa asili katika briji

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu wote habari za jioni. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi mkafika hapa Upanga kwa wakati. Namwona mzee mmoja pale nyuma amekuja na wajukuu wawili, na nimefurahi sana, maana mchezo wetu unahitaji damu changa. Wazazi wengi wa mji huu wakisikia neno karata wanafikiria kamari, au wale matapeli wa karata tatu pale Kariakoo. Briji haina kamari ndani yake. Ni mazungumzo ya watu wawili wasioonana karata, na leo nataka tuyazungumzie mazungumzo hayo.

Kwa ajili ya wajukuu niweke msingi. Karata 52, wachezaji wanne katika jozi mbili, kila mmoja karata 13. Rangi kwetu ni nne: pau, wengine wanaita maua, kisha uru, kopa na shupaza. Kabla ya kucheza kuna mnada. Unataja dau, yaani idadi ya mizunguko utakayokula juu ya 6, na rangi itakayokuwa turufu au bila turufu. Ukisema shupaza 1, umeahidi mizunguko 7. Nguvu ya karata tunaipima kwa pointi: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Karata zote zina pointi 40, na ninyi wawili mkifikisha 25 hivi, kwa kawaida mnapaswa kuwa kwenye gemu, yaani dau la juu la kutosha kupata bonasi, kama bila turufu 3.

Sasa, dau la asili ni nini? Ni daladala iliyoandikwa Kivukoni na kweli inakwenda Kivukoni. Nikisema kopa, nina kopa. Dau la kubuni ni daladala iliyoandikwa Kivukoni lakini konda na abiria wake wameshakubaliana inakwenda Mbagala. Hilo halivunji sheria, ila wapinzani nao lazima waambiwe inakokwenda. Makubaliano ya siri, kukonyezana na kukohoa, hayana nafasi kwenye briji.

Wengi wetu tulianza na Acol, mfumo wa asili uliozaliwa London miaka ya 1930 na kupewa jina la barabara, Acol Road. Tuliupata kwa watu waliojifunza kwa Waingereza. Ni mfumo mzuri. Mimi naupenda mpaka leo. Lakini nilipata somo chungu kwenye shindano moja, na naomba niwasimulie karata zenyewe.

Mwenza wangu alifungua mnada kwa shupaza 1. Alikuwa na ree, malkia, ghulamu, 9 na 4 ya shupaza. Mfalme, 7 na 3 ya kopa. 7 na 2 ya uru. Malkia, 9 na 5 ya pau. Pointi 12. Mimi nilikuwa na mfalme na 5 ya shupaza. Ree na 4 ya kopa. Ree, mfalme, ghulamu, 10, 6 na 3 ya uru. 8, 6 na 2 ya pau. Pointi 15. Nikajibu uru 2. Akasema shupaza 2. Nikasema uru 3, nikingoja aendelee. Akapiga pasi, yaani hakutaja dau tena, mnada ukaishia hapo.

Tulikula mizunguko 11 kwenye uru 3 tukaandikiwa 150. Meza ya pili, kwa karata zilezile, walitaja bila turufu 3, wakala 9, wakapata 400. Pointi 27 mikononi mwetu na gemu limetupita!

Je, mwenza alikosea? Hapana. Kwa Acol aliyofundishwa, dau langu la uru 3 lilikuwa mwaliko, na kwa karata dhaifu aliruhusiwa kuukataa. Mimi nililitaja kama dau la lazima, ambalo mwenza haruhusiwi kulipigia pasi. Maneno yote yalikuwa ya asili, kila kibao kilikuwa cha kweli, na bado hatukuelewana. Tangu siku ile naamini kwamba udhaifu wa mfumo wa asili hauko kwenye dau la kwanza. Uko kwenye dau la pili.

Angalieni kwa nini. Shupaza 1 inaweza kuwa na pointi 11, inaweza kuwa na 20. Madau yote kwenye mnada ni 35, kutoka pau 1 kupanda hadi bila turufu 7. Chini ya bila turufu 3 yapo 14 tu. Mkishasema shupaza 1 na bila turufu 1, yamebaki 9 kabla ya kufika hapo. Ndani ya hayo 9 mnatakiwa kuelezana rangi na nguvu kwa pamoja. Nafasi haitoshi, na anayedhani itatosha kwa bahati atakuwa anapiga pasi kama mwenza wangu.

Wamarekani walitafuta dawa yao: mbili juu ya moja. Mwenza akifungua shupaza 1, nami nikajibu pau 2, uru 2 au kopa 2, basi nimeahidi gemu na hakuna anayeruhusiwa kupiga pasi kabla hatujafika. Kwa mfumo huo uru 3 yangu isingekufa. Tungetembea polepole, kila mtu akieleza alichonacho.

Lakini ukivuta shuka kufunika kichwa, miguu inabaki nje. Karata za pointi 10 au 11 sasa hazitoshi kujibu kwa 2, kwa hiyo zinatupwa kwenye bila turufu 1, pamoja na zile za pointi 6. Dau lile dogo linabeba mzigo wote. Wengine wanalifanya la lazima kabisa, na hapo mwenye shupaza 5 na karata tatu, tatu na mbili za rangi nyingine analazimika kutaja pau ambazo anazo 3 tu. Kibao kimeanza kudanganya. Mimi sikubaliani na hilo. Ushauri wangu: mwenye umbo hilo na pointi 11 hadi 13 apige pasi, abaki mkweli. Mara chache mtakosa gemu la pointi 25 dhaifu, na mimi nalipa bei hiyo kwa moyo mweupe.

Tatizo la anayefungua bado lipo. Shupaza 1, bila turufu 1, uru 2. Hiyo uru 2 ni ya pointi 11 au 17? Anayejibu akiwa na 8 afanye nini? Akipita, pengine wana 25. Akiendelea, pengine wana 19. Hapa ndipo nawaletea dawa ya Kiitaliano, Gazzilli. Baada ya bila turufu 1, pau 2 ya anayefungua inakuwa na maana mbili: ama ana pau kweli na karata za kawaida, ama ana pointi 16 au zaidi za umbo lolote. Anayejibu akiwa na 8 au zaidi anasema uru 2, dau la kubuni, kuuliza ni ipi kati ya hizo. Mwenye karata za kawaida kwa kawaida anarudi shupaza 2. Akisema kingine, ana nguvu, na mnakwenda gemu.

Kuna gharama. Mara nyingine mtashindwa kubaki pau 2 mahali palipowafaa, na kuna kitu kipya cha kukumbuka. Lakini tazameni faida yake: uru 2 na kopa 2 za anayefungua sasa haziwezi kuzidi pointi 15. Anayejibu anapita bila wasiwasi. Dau moja la kubuni limerudisha ukweli wa madau mengine yaliyobaki.

Kuna watakaoniuliza kwa nini tusihamie moja kwa moja kwenye mfumo wa pau kali, ambapo pau 1 inaeleza tu kwamba karata zina nguvu, kama Precision iliyobuniwa na C.C. Wei, ambayo timu ya Taiwan iliitumia ikafika fainali ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa briji, mwaka 1969. Ni mfumo imara. Ila pau 1 yao haitaji rangi yoyote, na mpinzani akiruka shupaza 3 juu yake, wanaanza mazungumzo wakiwa ngazi ya tatu. Sisi tukishasema kopa 1, mwenza anajua kopa zipo hata kelele zikiwa nyingi.

Basi kalamu na karatasi. Kila jozi iandike hivi: shupaza 1, uru 2, shupaza 2, uru 3. Lazima au mwaliko? Halafu hii: shupaza 1, bila turufu 1, pau 2, na wewe una pointi 9, shupaza 2, kopa 3, uru 4, pau 4. Unasema nini, na mwenza atakuelewaje? Kila mmoja aandike kwanza peke yake, msichunguliane. Dakika tano, kisha tunagawa.